Shangingi linakula mafuta kupita kiasi: tafuta chanzo kabla ya kulaumu petroli

Mteja akiingia gereji kwangu hapa Arusha na gari la V8 la petroli, malalamiko huwa mawili kwa pumzi moja: gari linabugia mafuta, na siku hizi sheli zinauza petroli iliyotiwa spiriti, yaani ethanoli. La kwanza mara nyingi ni kweli. La pili nimelipima mara kadhaa kwa chupa na maji, na nitaeleza chini namna ya kulipima. Usipolipima utahama sheli tatu, utabadilisha plagi, utabadilisha na fundi, na gari litaendelea kula vilevile.

Ninayoandika hapa yanahusu magari makubwa ya petroli: VX za V8, Prado za V6, Nissan Patrol, na yale ya Kimarekani kama Tahoe na Expedition ambayo yanaonekana mara mojamoja mjini, usukani kushoto. Land Cruiser mkonga ya dizeli inayopeleka wageni mbugani ina mambo yake na haimo humu.

Kwanza pima kwa kilometa na lita

"Naweka ya elfu hamsini haifiki Ijumaa" si kipimo. Bei ya mafuta hubadilika kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti mafuta, ikitangaza bei mpya, na wiki yako ya leo si wiki yako ya jana. Fanya hivi: jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, usimruhusu muuzaji aongezee baada ya hapo. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Tembea mpaka tenki lifike nusu au chini zaidi. Rudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, jaza tena mpaka ikate. Gawanya kilometa kwa lita ulizojaza. Rudia mara tatu, uandike kwenye daftari au kwenye simu. Mara moja haitoshi, kwa sababu pampu inaweza kukata mapema gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko.

Kuna mtego mmoja wa huku kwetu. Watu wengi hupima kwa safari ya Arusha kwenda Moshi, kilometa kama 80, wanafurahi. Wakirudi wanapima tena, wanashtuka, na lawama zinaiangukia sheli ya Moshi. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko chini yake kwa zaidi ya mita 400. Gari la tani mbili na nusu likipandishwa kimo hicho linadai lita moja hadi moja na nusu zaidi, kwa hesabu tu ya uzito, hata kama kila kitu ni kizima. Pima kwenda na kurudi, kisha chukua wastani.

Halafu ujue gari lako lilizaliwa na tumbo gani. Kwenye vipimo rasmi vya Marekani, Land Cruiser 200 ya lita 5.7 ilipewa takriban kilometa 5.5 kwa lita mjini na 7.6 barabara kuu, ikiwa mpya. Kwa hiyo anayeniletea gari la namna hiyo linalokwenda 5 kwa lita katikati ya foleni ya Kilombero na Mianzini, namwambia ukweli: hilo ni zima. Likienda 3.5 ndipo tunafungua boneti.

Matairi nayo hudanganya kipimo. Ukitoa 265/70R17 ukafunga 285/70R17, tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 3.5 hivi kwa mzunguko. Deshibodi ikisema umetembea kilometa 100, umetembea 103 na nusu. Gari litaonekana linakula zaidi kuliko linavyokula. Kweli kuna ziada, kwa sababu tairi kubwa ni zito, lakini sehemu ya ziada hiyo ni hesabu tu.

Linakula siku zote, halina taa, halina moshi

Hii ndiyo dalili ninayoipata kuliko zote, na chanzo chake kinaniumiza kwa sababu mara nyingi kimeletwa na sisi mafundi wenyewe: themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imetolewa.

Mzee mmoja alishuka na VX yake kutoka upande wa Machame.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Hili gari linanimaliza. Nimebadilisha plagi, nimesafisha nozeli, nimebadilisha ea klina. Halisikii."

Nilichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari kabla sijagusa spana. Hakukuwa na kosa hata moja lililohifadhiwa. Nikamwomba tuzunguke nalo dakika ishirini, tukatoka mpaka Tengeru na kurudi. Joto la maji lilikaa nyuzi 61, likapanda 64 tulipokwama kwenye foleni, likashuka tena. Mshale wa deshibodi wala haukuonyesha jambo la kutisha, ulikuwa chini kidogo ya katikati tu. Nilipofungua mfuniko wa themostati nikakuta ule mpira wa duara peke yake, umekaa vizuri kwenye mfereji wake, na katikati yake hakuna kitu. Mzee akakumbuka: miaka miwili nyuma gari lilichemka, fundi akatoa themostati, akasema nchi hii ina joto, haina kazi.

Ina kazi kubwa. Ya injini ile huanza kufunguka nyuzi 82. Bila yake maji yanazunguka kwenye rejeta tangu asubuhi, na asubuhi za Julai huku chini ya Meru si za mchezo. Kompyuta ikiona injini ni baridi inaongeza petroli, kama enzi za choki. Oili inabaki nzito. Na kwenye magari mengi ya otomatiki, gia boksi haikubali kufunga ile klachi ya ndani ya konveta mpaka injini ipate moto, kwa hiyo hata barabara kuu injini inazunguka zaidi ya inavyotakiwa. Mambo matatu kwa kifaa kimoja kidogo. Tulifunga themostati mpya ya asili, tukasafisha rejeta, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa imelichemsha gari tangu mwanzo. Alipopima kwa tenki tatu alitoka kilometa 4.6 kwa lita akafika 5.4.

Ukiwa na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD na simu yako, angalia joto la maji baada ya nusu saa ya mwendo. Likiwa chini ya nyuzi 75, anzia hapo.

Joto likiwa sawa, fuata yanayoshika gari. Tembea kilometa tano bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila ringi, usiiguse. Ringi moja ikiwa na joto kuliko wenzake, kalipa imeganda au beringi imekufa. Vumbi la Makuyuni na matope ya Karatu huua pini za kalipa haraka. Pima upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, ulinganishe na kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Shusha keria kama huibebeshi kitu.

Kuhusu ea klina, niseme jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia. Kwenye injini za kabureta, ea klina chafu ilikuwa inakula mafuta. Kwenye injini za kompyuta, hewa ikipungua petroli nayo inapunguzwa. Utakosa nguvu, lakini ulaji haubadiliki sana. Ibadilishe kwa kulinda injini na vumbi, usiibadilishe ukitarajia nafuu sheli.

Moshi mweusi asubuhi, harufu ya petroli, na gari ni la Kimarekani

Hapa ndipo suala la ethanoli linapoingia kweli, ingawa si kwa njia ambayo watu wanaifikiria.

Marekani kuna aina mbili zinazotuhusu hapa. Petroli yao ya kawaida karibu yote ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo ni E10. Kuna na E85, ambayo ethanoli yake hucheza kati ya asilimia 51 na 83 kulingana na msimu na mahali. Magari mengi makubwa ya kule, Tahoe, Suburban, Expedition, hata Sequoia za miaka fulani, yalitengenezwa yaweze kunywa zote mbili na mchanganyiko wowote katikati. Utayatambua kwa kifuniko cha tenki cha njano, au maandishi ya E85 karibu na mdomo wa tenki, au nembo ya FlexFuel nyuma.

Lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa theluthi hivi ukilinganisha na lita ya petroli. Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa iungue sawasawa. Ethanoli inahitaji 9 tu. Kwa hiyo gari likiwa na E85 lazima kompyuta ifungue nozeli muda mrefu zaidi. Tahoe ya 4WD ya 2012 ilipimwa kule takriban kilometa 7.2 kwa lita ikiwa na petroli, na 5.5 ikiwa na E85. Hiyo ni robo nzima. E10 haifiki huko: hupunguza kama asilimia 3, yaani kwenye gari la kilometa 6 kwa lita unapoteza chini ya mita 200 kwa kila lita. Anayesema gari lake lilishuka kutoka 6 hadi 4 kwa sababu ya E10 atafute sababu nyingine.

Sasa, gari linajuaje limepewa nini? Yale ya mwanzoni yalikuwa na sensa kwenye njia ya mafuta inayopima ethanoli moja kwa moja. Baadaye, kuanzia karibu 2006 kwa General Motors, sensa hiyo iliondolewa kwenye modeli nyingi na kompyuta ikaachiwa ikisie. Geji ya tenki ikionyesha umejaza mafuta, kompyuta inasikiliza sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Ikiona oksijeni imebaki nyingi, inasema: haya mafuta yana ethanoli, niongeze. Gari haliwezi kuonja. Linakisia kwa kunusa moshi wake lenyewe.

Na kisio hukosea. Dada mmoja mwenye nyumba ya wageni Njiro aliniletea gari la namna hiyo. Asubuhi likiwashwa moshi mweusi unajaa uani, wageni wanaziba pua. Kilometa 3 kwa lita. Alishaambiwa na watu wawili kwamba petroli ina spiriti. Mashine ikaniambia: ethanoli, asilimia 68. Akaniangalia kama kusema unaona. Nikamwomba lita moja kutoka kwenye tenki, nikaipima kwa maji mbele yake. Ethanoli sifuri.

Chanzo kilikuwa hozi ya mpira nyuma ya injini, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi. Ilikuwa na ufa kwa chini, usingeuona mpaka uikunje kwa vidole. Injini ilikuwa inavuta hewa ambayo sensa ya hewa haikuihesabu. Ekzosi ikawa na oksijeni ya ziada, kompyuta ikadhani ni E85. Utauliza, mbona sensa hiyohiyo haikusahihisha baadaye? Injini ikiwa ya moto na mwendo wa kawaida, inasahihisha. Lakini asubuhi ikiwa baridi, na kila unapokanyaga mpaka chini, kompyuta haiisikilizi sensa. Inamwaga mafuta kwa hesabu iliyomo kichwani mwake, na hesabu ile ilisema asilimia 68. Safari za Njiro kwenda mjini ni fupi, injini iko baridi nusu ya njia. Hapo ndipo petroli ilipokuwa ikiishia.

Kulikuwa na jambo la pili. Dada yule alikuwa akiweka mafuta ya elfu ishirini kila siku. Hiyo haifiki lita kumi. Vitabu vya magari haya vinaelekeza usijaze chini ya lita 11 kwa mara moja, na ukishajaza uendeshe hapohapo angalau kilometa 11 ili kompyuta ijifunze. Ukijaza kidogokidogo inaweza isitambue kwamba kuna mafuta mapya, na kisio baya linabaki palepale. Tulibadilisha hozi, nikafuta kisio kwa mashine kikarudi kiwango cha msingi, tukajaza lita 50, tukalipeleka Usa River na kurudi bila kuzima. Siku iliyofuata mashine ilisoma asilimia 4, na uani hapakuwa na moshi.

Kwa hiyo ukiwa na gari la kifuniko cha njano, muulize fundi wako swali moja: kompyuta inasema ethanoli ni asilimia ngapi? Hapa Arusha na Moshi hutakuta pampu ya E85. Ikisoma zaidi ya 15, usianze kununua sensa. Tafuta hewa inayoingia kwa wizi, ekzosi inayovuja kabla ya sensa ya oksijeni, pampu ya mafuta iliyochoka, au geji ya tenki inayoruka. Rekebisha kwanza, ndipo ufute kisio. Ukifuta kabla ya kurekebisha, kitarudi wiki hiyohiyo. Na usiache gari livute moshi mweusi miezi, petroli isiyoungua inaunguza masega ya ekzosi yanayosafisha moshi, na bei yake unaijua.

Namna ya kupima ethanoli kwa maji

Tafuta silinda ya kioo ya mililita 100 yenye alama, zile za maabara ya shule. Fanya kazi nje, mbali na sigara na mbali na jirani anayechomelea. Weka maji mpaka alama ya 10, na tone moja la rangi ya chakula ili uone vizuri mpaka kati ya maji na petroli. Rangi inakaa kwenye maji, haiingii kwenye petroli. Jaza petroli mpaka 100. Ziba, tikisa nusu dakika, achia mvuke utoke, weka mezani dakika kumi.

Ethanoli huacha petroli ikafuata maji. Mpaka wa chini ukibaki kwenye 10, hakuna ethanoli. Ukipanda hadi 18 au 19, una E10 mkononi. Soma jicho likiwa sawa na mstari, usisome ukiwa umesimama juu yake.

Kipimo hiki hakioni mafuta ya taa. Kwa uchakachuaji wa namna hiyo ndiyo maana kuna vinasaba, alama za siri zinazotiwa kwenye mafuta, na wenye vifaa vya kuvisoma ni wakaguzi. Ukiwa na shaka tunza risiti, andika tarehe na namba ya pampu, upeleke malalamiko EWURA.

Sisemi ethanoli ni kitu kibaya. Malawi wamekuwa wakichanganya kwenye petroli yao tangu 1982, na Brazili magari yanatembea na asilimia 30 sasa. Ukishuka kutoka Moshi kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC unapita katikati ya miwa, na molasi inayobaki baada ya sukari ndiyo malighafi ya spiriti. Siku ikifika kwenye pampu zetu, magari mengi ya miaka ya karibuni yatahimili E10. Ninachokataza kwa nguvu ni mtu kununua spiriti ya dumu na kuimwaga mwenyewe kwenye tenki la VX ya zamani. Mipira ya mafuta ya magari yale haikutengenezwa kwa ajili yake, na spiriti ya dumu mara nyingi ina maji tayari.

Linakosa nguvu mlimani, na linakula

Ukipanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Rhotia unakanyaga, gari linaunguruma haliendi. Soma kwenye mashine masahihisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Yakiwa ndani ya 10 juu au chini, mafuta si tatizo; angalia plagi, koili na gia boksi. Yakiwa juu ya 15, injini inalia njaa: sensa ya hewa chafu, filta ya mafuta imeziba, pampu imechoka, au hewa ya wizi. Yakishuka chini ya hasi 15, inapewa nyingi mno: nozeli inavuja, presha iko juu, au vali ya mvuke wa tenki imekwama wazi. Sensa ya hewa isafishe kwa dawa yake, usiiguse kwa kitambaa. Waya wake ni mwembamba kama unywele.

Linakula mjini tu

Hesabu dakika ambazo injini inawaka gari limesimama. V8 ikiunguruma bila kutembea hunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa saa, AC ikiwaka zaidi. Dereva anayesubiri wageni uwanja wa ndege wa KIA kwa muda wa saa mbili huku anapoza gari ametumia mafuta ya kumfikisha Boma Ng'ombe na zaidi.

Linamisi baada ya mvua, au baada ya kulala wiki mbili

Hapa shuku maji. Petroli isiyo na ethanoli huacha maji yakae chini ya tenki, na pampu ikiyafyonza gari linakohoa kisha linapona. Ile yenye ethanoli huyabeba maji kidogokidogo mpaka yazidi, karibu nusu ya asilimia kwa E10, halafu ethanoli na maji vinashuka chini pamoja kwa mara moja. Gari linaanza vibaya, linatikisika, halifiki popote. Kuongezea petroli mpya juu yake hakuliponyi. Toa sampuli kutoka chini ya tenki, siyo juu, uimwage kwenye chupa angavu uiache itulie. Ukiona tabaka mbili, mwaga tenki lote, badilisha filta, kausha, kisha uangalie mpira wa kifuniko cha tenki. Kwenye magari mengi nimekuta mpira ule umepasuka na maji yanaingilia hapo.